Uzi Ukilegea, Samaki Huondoka na Manyoya

Maneno haya niliyasema kwa wavuvi wenzangu wa Kigombe, chini ya banda la mnada. Siku ile maji yalikuwa mafu, wengi walikuwa baharini na mishipi yao, wakaniomba niyaandike. Nimeyaacha kama yalivyotoka, pamoja na pale nilipopotea njia.

Asalaam aleikum wazee wangu, mama zangu wa mnadani, na ninyi vijana mliokalia ngalawa ya watu. Shukeni kidogo, mwenyewe yupo, anawaangalia.

Mnaona nilichoshika? Wewe wa nyuma, sema. Risasi. Risasi na nini? Na ndoana. Basi? Basi. Kichwa cha risasi, ile ya kuzamishia mshipi, na ndoana iliyo uchi. Hiki kitu jana alfajiri kilikuwa jigi, chambo cha bandia. Kilikuwa na manyoya meupe ya jogoo na nyuzi nyekundu kifuani, kimependeza hata bibi harusi angekionea wivu. Kikateremka mara tatu tu nyuma ya kisiwa cha Karange, mara ya tatu kikapigwa, mshipi ukavutika mpaka vidole vikaungua, halafu ukawa mwepesi. Nikapandisha, nikapata hiki. Manyoya yako wapi? Yamo tumboni mwa kolekole, au yanaelea kwenda Pemba.

Nani alilifunga jigi hilo? Mimi niliyesimama hapa kuwafundisha.

Mnacheka. Chekeni, lakini sikilizeni. Mwaka huu wengi wetu tumeingia kwenye majigi. Ngisi wa chambo amepanda bei, na jigi la dukani ni bei ya kilo mbili za changu, tena mwamba unalichukua bila kukuomba. Kwa hiyo tunafunga wenyewe, na hilo ni jambo zuri. Lakini nimezunguka kwenye vyombo vyenu, nimetazama majigi yenu, na ugonjwa ninaouona ni mmoja. Si rangi, si manyoya, si ndoana. Ni uzi. Mnazungusha sana na mnakaza kidogo.

Jana jigi hilo lilikuwa na mwenzake, nililifunga siku moja nalo, uzi mmoja, mkono mmoja. Niliporudi nyumbani nikakaa barazani, nikachukua wembe nikalipasua shingoni kama unavyochanja embe dodo. Nataka niwaambie nilichokiona ndani, maana ndicho kilichonileta hapa.

Nje kulikuwa kugumu. Nilikuwa nimelipaka gundi, linang'aa, ukilibonyeza kwa kidole halibonyei. Nilizungusha uzi mara 80, sikupungukiwa na kitu. Nikaona uzi ni kama sukari kwenye chai, ukizidisha ndiyo tamu. Basi wembe ulipopita lile ganda la juu, nyuzi za ndani zikafumuka zenyewe. Zimejikunja, zimepandana, nyingine zimepita kwenye manyoya, nyingine zimepita kwenye hewa. Kama nywele za mtoto aliyetoka kulala. Nikazivuta kwa kucha zikatoka, na manyoya yakatoka nazo. Risasi ikabaki tupu, laini, haina hata alama.

Mpwa wangu alikuwa pembeni anakula muhogo. Akaniambia, "Mjomba, umejenga ghorofa juu ya mchanga." Nikamwambia ale muhogo wake.

Lakini alisema kweli. Ule mkazo wa mwisho, ule ninaoweka nikijua namaliza, ulikuwa unakaza nyuzi za juu tu. Za chini zililegea tangu mwanzo, na hakuna mzunguko wa juu unaoweza kwenda kuzikaza. Umeshapita hapo. Ukilegeza wa kwanza, wa 80 haukusaidii.

Sasa tuanze na huo wa kwanza. Wangapi hapa mnaanza kwa kuweka manyoya kwenye shingo ya risasi halafu mnazungusha? Inueni mikono. Msiogope, mimi nimeinua wangu. Hapo ndipo tunapokosea. Risasi ni laini kama sabuni, na ikipakwa rangi ndiyo inateleza zaidi. Manyoya nayo yanateleza. Unaweka kinachoteleza juu ya kinachoteleza, halafu unategemea uzi ufanye miujiza.

Anza na uzi mtupu. Shingo isiwe na rangi, ikwangue kidogo kwa msasa. Shika ncha ya uzi kwa mkono wa kushoto, izungushie, na mizunguko mitano ya mwanzo ipite juu ya ncha yenyewe ili ijibane. Hakuna fundo hapo, uzi unajifunga wenyewe. Kisha fuata shingo yote, uzi ukae ubavuni mwa uzi, usipandane, usiache mwanya, mpaka mwisho wa shingo na kurudi. Tone moja la gundi, lisambaze kwa kijiti cha kiberiti. Ndipo uanze kufikiria manyoya. Huo ndio mkeka wako. Manyoya sasa yanalalia uzi, na uzi unaushika uzi kuliko unavyoishika risasi.

Hilo ni dogo, ukiambiwa mara moja inatosha. Kubwa ni mkazo.

Marehemu baba yangu alikuwa fundi wa ngalawa. Wazee mnamkumbuka. Kazi ya kuchonga alimwachia kaka yake, yeye kazi yake ilikuwa kufunga mirengu na matengo, ile miti ya pembeni inayoizuia ngalawa isipinduke. Siku hizi tunapiga misumari na boliti, lakini enzi zake ilikuwa kamba ya makumbi, na kabla ya enzi zake kulikuwa na mitepe, chombo kizima kimeshonwa kwa kamba ya nazi, ubao kwa ubao, na kinabeba boriti kutoka Lamu. Uzi kushika kitu baharini si elimu iliyokuja na majigi.

Nilikuwa namshikia kamba. Anailoweka kwanza. Anapitisha mzunguko mmoja, anakanyaga mrengu kwa unyayo, anavuta kwa mgongo wote, halafu anachomeka kijiti chini ya kamba na kukizungusha kama nyenzo. Kamba inalia. Kweli inalia, nyii, kama mlango wa kale. Hapo ndipo anapoigonga kwa kinyundo cha mti ikae, na ndipo anaponiambia, "Lete." Kama haijalia, haendi kwa mzunguko wa pili. Mimi mtoto nimechoka, jua kali, namwambia baba tuongeze tu mizunguko tumalize. Ananiangalia. "Imelia?" Haijalia. "Basi ngoja."

Nilizungusha uzi mara 80 kwenye jigi langu. Je, ulilia hata mara moja?

Waliowahi kubeba mizigo gatini Tanga watanisaidia hapa. Meli ikivuta, kamba inazungushwa kwenye ile nguzo fupi ya chuma. Mara tatu tu. Na mtu mmoja, mwenye mikono kama yako na yangu, anashika ncha na kuizuia meli. Amepata wapi nguvu? Kwenye msuguano. Kila mzunguko hauongezi kidogo juu ya ule wa kwanza, unazidisha. Ndiyo maana mitatu inatosha na kumi haihitajiki. Lakini kamba ikiwa imelegea, zungusha hata mara kumi, itateleza mpaka imkate mtu mguu. Mnaipata hesabu hiyo? Mizunguko sita inayolia inaishinda 40 iliyolala usingizi, na shingo inabaki nyembamba, na jigi linashuka sawasawa badala ya kuyumba kama boya.

Sasa swali lenu nalijua. Nikikaza sana si utakatika? Utakatika. Na nataka ukatike. Zoezi la leo ndilo hilo. Chukua uzi, ufunge kwenye ndoana, vuta taratibu mpaka ukatike. Rudia. Mara kumi, kabla hujafunga jigi hata moja. Ukifika mara ya sita au ya saba, kidole kitaanza kusikia kitu: uzi unajivuta kidogo, unakuwa mgumu, ukiugusa kwa kucha unalia kama uzi wa gambusi, halafu tap. Pale kabla ya tap, upana wa unywele mmoja, ndipo pa kufungia. Hakuna atakayekuonyesha kwa macho. Kidole ndicho kinachojua, na kidole hakijui mpaka kimekata.

Kijana mmoja hapa mbele ananong'ona kwamba napoteza uzi. Mwanangu, uliokatika mezani ni hasara ya shubiri mbili. Wa jana ulikuwa kolekole.

Na uzi wenyewe je? Hapa nitapita haraka. Wa pamba acha, unaoza. Wa cherehani wa poliesta ni mzuri, haunywi maji, lakini mwembamba, unafaa majigi madogo ya changu. Mimi natumia nailoni ya mafundi viatu, au uzi bapa ulioandikwa 210. Namba hiyo mnaijua kwenye nyavu, 210D/6, 210D/9, lakini wangapi wameuliza maana yake? 210 ni uzito: ukichukua uzi huo mita 9,000 ukaupima, unapata gramu 210. Hiyo 6 au 9 ni nyuzi ngapi zimesokotwa pamoja. Kwa jigi tunataka hiyo 210 yenyewe, mmoja, bila wenzake. Nailoni ina tabia moja: ikilowa inavutika na nguvu inapungua kidogo. Kwa hiyo ukiifunga ikiwa imelegea pakavu, majini italegea zaidi. Upitishe uzi kwenye nta ya nyuki kabla ya kuanza. Nta inaufanya ushike pale unapouweka, hata ukiachia mkono kupiga chafya.

Nije kwenye jambo ambalo nilifundishwa na mtu ambaye hajawahi kuvua samaki hata mmoja.

Jirani yangu ni fundi cherehani, dada wa makamo, anashona sare za shule. Siku moja umeme ulikatika kwake akaja kukaa barazani kwetu, akanikuta nafunga. Akanitazama mizunguko kama kumi, akauliza, "Mzee, mbona unausokota uzi?" Nikamwambia siusokoti, nauzungusha. Akacheka. "Achia hiyo bobini."

Nikaiachia ikaning'inia kwenye ndoana. Jamani, ilizunguka kama pia. Ikazunguka, ikazunguka, mpaka nikaona haya. Akaniambia kila ukizungusha mara moja, uzi unaingia msokoto mmoja. Ukizungusha mara 30, misokoto 30. Uzi ulioununua bapa umeugeuza kuwa kamba.

Kwani kuna ubaya gani? Chukua begi lenye mkanda mpana, livae begani. Halafu ondoa mkanda, weka kamba ya mkonge. Uzi bapa unalala, unashika eneo, mzunguko wa pili unakaa juu yake bila kuteleza. Uzi uliojisokota ni duara, na duara juu ya duara haikai, inateremka ubavuni. Ndiyo maana mnaona shingo za majigi yenu zina vilima na mabonde. Tena uzi uliosokotwa sana unajikunja wenyewe ukiulegeza, unapiga vitanzi, kitanzi kinakamata unyoya, na unyoya unakaa upande.

Dawa ni kuiachia bobini ining'inie kila baada ya mizunguko michache. Itajizungusha kurudi nyuma mpaka itulie. Ndiyo, kazi inakawia. Kwani tunawahi wapi? Wakati mwingine nausokota makusudi, kama nataka uzi uingie katikati ya manyoya mawili kama wembe. Lakini huo ni mchezo wa baadaye.

Manyoya. Hapa wengi mna haraka ya njaa. Mnachukua fungu zima kama ufagio, mnalibandika. Mnakaza, fungu linazunguka na uzi, linahamia upande wa pili wa ndoana. Upande huu risasi inaonekana, upande ule kuna kichaka. Likiingia majini linazunguka kama feni. Kolekole si mjinga.

Chukua kidogo, unene wa njiti mbili za kiberiti. Libane kati ya kidole gumba na cha shahada juu ya shingo, usiliachie. Pitisha uzi ndani ya vidole, kitanzi kimoja kilegee, cha pili kilegee, halafu vuta juu, moja kwa moja, usivute kwa pembeni. Hivyo viwili vinafunga pamoja na fungu halihami. Hapa tu ndipo ninapokuruhusu ulegeze, na hata hapa ni kwa sekunde mbili. Kisha mizunguko mitano inayolia. Kisha fungu la pili, ubavuni mwa la kwanza. Mafungu sita au saba yanazunguka shingo nzima. Visiki vya mbele vikate kwa mshazari, si wima, ili uzi uwe na mteremko wa kupandia.

Singa za mkia wa mbuzi ni nzuri sana, tena bure, machinjioni wanazitupa. Nyuzi za kiroba zinang'aa na haziozi. Mkonge nilijaribu, maana sisi ni watu wa Tanga na mkonge uko mlangoni. Mkavu unapendeza. Ukilowa unakuwa kama brashi ya chooni. Hakuna samaki aliyeutaka, hata mzia, na mzia anang'ata kila kitu.

Mzia ndiye anayenipeleka kwenye mwisho wa uzi. Meno yake mnayajua. Jigi lako linaweza kumshinda kolekole siku nzima, halafu mzia mmoja akakwaruza uzi mmoja wa juu, ukakatika. Ukikatika huo, unafumuka wote? Kama ulimaliza kwa fundo moja la haraka, utafumuka wote.

Mimi namalizia kwa njia ya kitanzi, haihitaji chombo chochote. Ukibakiza mizunguko minane, chukua kipande cha mshipi mwembamba, kikunje mara mbili, kilaze juu ya shingo, kitanzi kikitazama ndoana. Zungusha mara nane juu yake, ikilia yote. Bana kwa kidole, kata uzi, ncha ipitishe kwenye kitanzi, halafu vuta zile ncha mbili za mshipi. Kitanzi kinaondoka na ncha ya uzi, kinaiburuta chini ya mizunguko yote minane, na inabaki imezikwa humo. Hakuna fundo la kukwaruzwa. Mara ya kwanza utakosea, kitanzi kitagoma. Ulikiweka kinyume.

Halafu rangi ya kucha. Ile isiyo na rangi, inayong'aa. Supaglu inashika, lakini ikikauka inakuwa kama kioo, risasi ikigonga mwamba inapasuka. Rangi ya kucha inaingia kwenye uzi, paka mara mbili, ya pili baada ya ya kwanza kukauka kabisa, usiku mzima. Nilianza kwa kuichukua ya mke wangu bila kuomba. Mwezi mzima anamshuku binti yetu. Nilikamatwa siku ya harusi ya mdogo wake, alipofungua chupa akakuta unyoya wa jogoo. Siku hizi ananunua chupa mbili, moja ameiandika kwa kalamu "SAMAKI".

La mwisho silo la uzi, lakini siwezi kushuka bila kulisema. Kuna nyumba nimepita nikakuta risasi ya betri za magari inayeyushwa kwenye sufuria, jikoni, watoto wamechutama wanaota moto. Risasi inayeyuka kwenye nyuzi joto 327, jiko la mkaa linafika. Moshi na vumbi lake ni sumu, na kwa mtoto inaingia kwenye akili na haitoki. Betri ina asidi juu yake. Yeyusheni nje, upepo ukitoka mgongoni, sufuria hiyo isirudi jikoni milele, na mkono unawe kabla ya kushika tonge. Mama zangu, mkimkuta baba anayeyusha jikoni, mfukuzeni. Semeni nimewatuma mimi.

Haya. Jiliwa za kubania ndoana ziko tatu, tutapokezana. Rili za uzi ziko kwenye ndoo, za kukata na za kufungia ni hizohizo. Lakini nimewaomba kila mmoja aje na jigi lake la zamani, lile analoliamini kuliko yote. Mmekuja nayo? Nyembe ziko mezani. Tutayapasua kwanza, moja moja, tutazame ndani. Nani anaanza?